Ninajitambua ndotoni, lakini ndoto hukatika papo hapo: naomba ushauri

Kope Nzito (mleta mada)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikijifunza kujitambua ndotoni, yaani kuota huku nikijua kwamba ninaota, na nimefika mahali ambapo juhudi zangu hazinisogezi tena. Kando ya mto wangu nina daftari ninamoandika ndoto kabla hata sijainua kichwa, na kazi hiyo peke yake imenifikisha mbali, kwani mwanzoni nilikuwa nikikumbuka ndoto moja kwa wiki na siku hizi huamka na mbili au tatu. Mchana hujiuliza mara kadhaa kama niko macho au ninaota, na usiku kabla ya kulala hunuia kwamba safari hii nitatambua. Kwa njia hiyo nimejitambua mara saba.

Shida ni kwamba kule kujitambua ndiko kunakoniamsha. Niwaeleze ya juzi. Nilikuwa nikishuka ngazi za jengo refu, na ukutani palikuwa na saa iliyoonyesha saa tatu na dakika kumi. Niligeuza uso, nikaitazama tena, nikakuta ina akrabu tatu na namba zake zimejipanga kinyume. Papo hapo nikajua. Moyo ulinienda mbio kwa furaha, nikajirusha juu nikitaka kupaa, na kabla nyayo hazijaachana na ngazi rangi zote zikaanza kufifia kama wino uliomwagiwa maji, kisha nikajikuta nimekodolea macho dari ya chumba changu. Sidhani kama zilipita sekunde tano. Nyingine zilikwisha vivyo hivyo, isipokuwa moja ambayo sikuamka bali nilisahau kwamba ninaota, nikaendelea kumtafuta mtu aliyepotea ambaye kwa kweli sijawahi kumjua.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, nifanye nini ili ndoto isimame imara baada ya kuitambua? Pili, kila usiku hutega kengele ya simu saa tisa na nusu, kwa kuwa nilisoma kwamba ndoto za alfajiri ndizo bora, lakini nimeanza kusinzia kazini, na mara mbili nimezinduka nikiwa siwezi kunyanyua hata mkono, huku kitu kizito kikinikandamiza kifua. Je, niendelee au niache?

Mzamiaji

Ndugu Kope Nzito, hongera, kwa maana mara saba katika miezi mitatu si haba. Wako wanaohangaika mwaka mzima wasiambulie hata moja. Kosa lako liko katika ule mruko. Ndoto changa haihimili vishindo, na furaha ni kishindo kikubwa kuliko hofu, kwa sababu hofu tumezoea kuivumilia ndotoni lakini furaha hutukurupusha.

Ukishatambua, usifanye jambo lolote kubwa. Simama ulipo, tazama viganja vyako, kisha visugue kimoja kwa kingine kama mtu aliyetoka kwenye baridi, na uendelee mpaka uhisi joto na mkwaruzo wa ngozi. Huo si ushirikina. Akili yako wakati huo ina miili miwili ya kushughulikia, mmoja umelala kitandani na mwingine umesimama kwenye ngazi, na kadiri unavyojaza hisia katika huu wa ndotoni ndivyo ule wa kitandani unavyokosa nafasi ya kukuita. Mtafiti Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwahi kulinganisha kusugua mikono, kuzunguka kama pia, na kuiacha tu ndoto iende yenyewe, akaona kwamba njia mbili za kwanza zinashinda ile ya tatu.

Viganja vikishapata joto, gusa kilicho karibu. Kwenye zile ngazi zako, ningeshika ukuta nikapapasa rangi yake, nikahisi mahali ilipobambuka, nikashusha mguu ngazi moja nikisikiliza mlio wa kiatu, na wakati wote huo nikijisemea kwa sauti ya chini, «Ninaota, hii ni ndoto.» Maneno hayo yarudie kila baada ya muda mfupi, maana hayo ndiyo yangekuokoa siku ile uliyomtafuta mtu usiyemjua. Jihadhari pia usikazie macho kitu kimoja kwa muda mrefu, kwa kuwa kitu kinachokodolewa macho ndotoni huyeyuka na kuondoka na mandhari yote. Acha macho yatembee.

Mimi nilijipiga marufuku kufanya jambo jingine lolote kwa mwezi mzima. Kila nilipotambua nilitazama mikono, nikagusa ukuta au ardhi, nikatembea hatua chache, basi. Inachosha, nakubali, maana nani hutaka kuota ili atazame viganja vyake? Lakini mwisho wa mwezi nilikuwa nimezoea kutambua bila kupigwa na mshangao, na kupaa kulikuja baadaye kwa wepesi.

Na ikiwa pamoja na hayo yote ndoto itafifia, usifumbue macho wala usijigeuze. Baki vile vile ulivyo, tulia, na uikumbuke sehemu ya mwisho uliyokuwa umesimama. Mara nyingi usingizi unakuwa bado haujaondoka mbali, na utashangaa kuiona ngazi ikirudi.

Msomi wa Usiku

Naongezea machache kuhusu suala la kengele, kwa sababu naona ndugu yetu ameshika jambo sahihi kwa mkono usio sahihi. Ndoto nyingi zilizo wazi huja katika hatua ya usingizi iitwayo REM, ambamo macho huchezacheza chini ya kope. Aserinsky na Kleitman waliieleza mwaka 1953 huko Chicago. Hatua hiyo hurudi takriban kila baada ya dakika 90, ila haigawanyiki sawasawa, kwa kuwa mwanzoni mwa usiku hudumu dakika chache tu na kuelekea asubuhi hurefuka sana. Kwa hiyo mtu aliyelala saa nne usiku akaamka saa tisa na nusu, kisha akarudi kulala, anaingia moja kwa moja katika sehemu ya usiku yenye ndoto ndefu. Hapo hukukosea.

Kosa ni kudhani kwamba kengele ndiyo inayofanya kazi. Kinachofanya kazi ni yale unayoyafanya kati ya kengele na kusinzia tena. LaBerge alichapisha njia yake mwaka 1980, na kiini chake ni kumbukumbu: unaikumbuka ndoto uliyotoka kuiota, unachagua mahali palipokuwa na jambo la ajabu, kama hiyo saa yenye akrabu tatu, unajiona umerudi mahali pale ukilitambua ajabu hilo, na unajiambia kwamba safari ijayo ukiota utakumbuka kwamba unaota. Unarudia hivyo mpaka usingizi ukuchukue. Ni nia ile ile ya mtu anayejikumbusha kumpa rafiki ujumbe atakapokutana naye, isipokuwa hapa utakayekutana naye ni wewe mwenyewe. Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, alikuta kwamba waliochanganya njia hiyo na kuamka usiku pamoja na kujipima mchana walifanikiwa katika takriban asilimia 17 ya majaribio, lakini wale waliopatwa na usingizi ndani ya dakika tano baada ya kunuia walifika asilimia 46. Ukikaa kitandani saa nzima ukijilazimisha, umepoteza nafasi nzuri zaidi.

Kwa wanaodhani kwamba haya ni masimulizi ya walalaji tu, jambo hili lilithibitishwa kwa kipimo. Mwezi Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull nchini Uingereza, Keith Hearne alimpima mtu aitwaye Alan Worsley akiwa usingizini. Misuli mingi hulegea kabisa wakati wa REM, lakini ya macho hubaki huru, kwa hiyo walipatana kwamba Worsley akitambua kuwa anaota atayapeleka macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu, na mashine ikaunasa mpangilio huo huku vipimo vingine vikionyesha kwamba mtu yule amelala. Mwaka 2021 watafiti kutoka Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walieleza jinsi walivyowauliza waotaji maswali wakiwa usingizini, kama vile nane kutoa sita, na baadhi yao wakajibu kwa macho yale yale. Nayasema haya si kwa kujionyesha, bali kwa sababu nilipoyajua nilipata utulivu: niliacha kuiona ndoto kama bahati inayoponyoka, na pupa ikapungua.

Dada Utulivu

Kaka, hiyo kengele ya kila usiku iache leo. Usingizi unaoukata ndio unaokulisha hizo ndoto, na mwili ukidaiwa usingizi utakulaza fofofo kiasi cha kutokumbuka chochote. Chagua usiku mmoja au miwili kwa wiki, ule ambao kesho yake huna pa kuwahi, na siku nyingine lala mpaka uamke mwenyewe.

Kuhusu hicho kinachokukandamiza, ndicho wazee wanachokiita jinamizi, na kilikupata kwa sababu hiyo hiyo ya kukatiza usingizi. Ule ulegevu wa misuli alioutaja ndugu hapo juu huwa bado haujaondoka wakati akili imeshaamka, kwa hiyo unataka kunyanyua mkono na mkono hausikii. Pumzi haikatiki, ingawa kifua huhisi hivyo. Msuli wa kupumulia unaendelea na kazi yake. Usipambane, kwani kupambana huzidisha hofu, na hofu ndiyo inayoleta vivuli vile mlangoni. Vuta pumzi polepole, chezesha macho au ncha ya kidole kimoja, litapita. Usilale chali, maana wengi hukabwa zaidi wakilala hivyo. Na likizidi kukurudia, au ukianza kuchanganya mambo ya ndotoni na ya mchana, acha mazoezi haya umwone daktari. Aliyewahi kuugua maradhi ya akili yanayompotezea mtu mpaka wa kilicho halisi asiyaanze kabisa bila kumwuliza tabibu wake.

Pia ya Mwaloni

Mzamiaji ameeleza vizuri, ila kuhusu kuzunguka kama pia nina onyo. Kwangu kulifanya kazi, lakini kila nilipomaliza kuzunguka mandhari yalikuwa yamebadilika, na mara nyingi mandhari mapya yalikuwa kitanda changu mwenyewe, nikadhani nimeamka kumbe bado. Anayejifunza asugue mikono kwanza.

Kope Nzito

Ndugu zangu, nimekawia wiki tatu kwa makusudi, kwa sababu sikutaka kurudi na shukrani tupu. Kengele nimeitega usiku wa kuamkia mapumziko tu, na kusinzia kazini kumekwisha. Jinamizi lilinirudia mara moja. Nilitulia, nikachezesha kidole gumba cha mguu, likaniachia kabla sijapata muda wa kuogopa.

Ndoto zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza niliipoteza kwa uzembe, maana nilitazama viganja nikakuta mkono wa kushoto una vidole saba, nikacheka, na kicheko kikaniamsha. Ya pili ilikuwa tofauti kabisa. Nilikuwa kwenye ukumbi mrefu wenye madirisha, nikatambua kwa sababu mwanga wa nje ulikuwa ukitoka pande zote mbili. Sikuruka. Nilisugua mikono mpaka ikapata joto, nikaenda dirishani nikapitisha kidole kwenye vumbi la fremu, na vumbi lile nililiona likibaki kwenye ncha ya kidole, chembe kwa chembe, kwa uwazi ambao hata mchana sijaupata. Nilitembea ukumbi wote mpaka mwisho nikisema «ninaota» kila nilipopita dirisha, nikahesabu madirisha kumi na moja, na kila rangi zilipoanza kupauka nilirudi kwenye mikono.

Kisha nikaamka nikiwa na furaha isiyo kifani, nikavuta daftari, nikaandika ukurasa mzima bila kuacha kitu, hata idadi ya madirisha. Nilipomaliza kuandika, niliamka. Daftari lilikuwa limefungwa na kalamu iko sakafuni. Haya mnayoyasoma nimeyaandika upya.

Pia ya Mwaloni

Ndicho nilichokuwa nakionya, na wewe hata hukuzunguka. Kuanzia sasa kila unapoamka, kabla hujashika daftari, ziba pua kwa vidole viwili, funga mdomo, ujaribu kuvuta pumzi. Ikipita, usiandike, inuka uende mlangoni, ndoto bado inaendelea.