Halmashauri inaweza kufanya nini kuhusu vyumba vya kupanga? Jumamosi tuna mkutano wa mtaa

MamaKulwa

Wakuu habari za jioni. Jumamosi tuna mkutano wa mtaa hapa kwetu Mbagala na diwani kasema atakuja, mwenyekiti kaniomba niongee kwa niaba ya wapangaji. Sitaki niende kulalamika tu halafu watu wapige makofi tutawanyike, nataka niende na vitu ambavyo halmashauri inaviweza kweli.

Nyumba ninayokaa ina vyumba nane, kaya nane, choo kimoja, bafu la mabati na LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Saa kumi na moja alfajiri foleni ya ndoo imeshafika koridoni, watoto wa shule wamesimama na sare mkononi wanasubiri mtu atoke. Umeme tunachanga 7,000 kila chumba, anayewasha taa moja anatoa sawa na anayegandisha barafu za kuuza, mwezi uliopita ugomvi ulifika mpaka mtu akamkatia mwenzie waya usiku. Na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo mwenye jengo ni yeye ila wanaolipa ni sisi.

Chumba ni 50,000 lakini anataka ya miezi sita, hiyo 300,000, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Yaani kabla hujaingiza godoro umeshatoa 350,000 na mkataba wenyewe ni wa mdomo. Nisaidieni, nidai nini?

Wakili_wa_Kata

Dada hongera kwa kujitolea. Kwanza usiende kudai halmashauri ipange bei, hapo utajibiwa kwa sentensi moja ukae chini. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba tuliyokuwa nayo ya 1984 ilifutwa 2005, siku hizi bei ni makubaliano.

Ila Sheria ya Ardhi ya 1999 bado inakulinda na wapangaji wengi hawaijui. Ukilipa kodi yako mwenye nyumba hana ruhusa ya kukusumbua hata kama mkataba haujasema hivyo, na pale anapopangisha sehemu tu ya nyumba, kama hivyo vyumba vyenu, paa, kuta kubwa, mifereji na zile sehemu mnazotumia wote ni juu yake kuvitengeneza. Kwa hiyo kutengeneza korido au mfereji uliopasuka sio hisani ya baba mwenye nyumba.

Nguvu ya halmashauri ni sheria ndogo, zile inazotunga yenyewe, pamoja na maafisa afya wake. Dai fomu moja ya mkataba ya Kiswahili, ukurasa mmoja tu, ipatikane ofisi ya mtaa, iandikwe kodi, miezi, nani analipa nini, notisi ya muda gani, kila mtu abaki na nakala. Mtu leo anafukuzwa kwa mesej ya simu, akienda kulalamika anaulizwa mkataba uko wapi anabaki ameshika simu tu.

MzeeTofali

Mama Kulwa mimi ni mwenye nyumba na nitasema bila kuficha maana tukisemwa sisi tu hamtapata vyumba. Nyumba yangu nimeijenga miaka 11, nimedunduliza, mwaka huu msingi, mwaka unaofuata tofali mia mbili mia tatu, benki sikupata hata senti kwa sababu kiwanja hakikuwa na hati. Hiyo miezi sita mnayoilalamikia ndo iliyoniezekea vyumba viwili vya nyuma. Ukiniambia nichukue mwezi mwezi sikatai, lakini nimeshakuwa na mpangaji aliyehama usiku akaniachia deni la miezi minne.

Choo nakubali ni aibu yetu, kaya nane tundu moja haikubaliki. Lakini kwangu shimo likijaa gari la majitaka haliingii, kichochoro upana wake mikono miwili, tunalipa vijana wanachota kwa ndoo usiku. Halmashauri ikifungua njia, ikatupa ramani ya choo iliyokwisha pitishwa na kibali kwa wiki moja badala ya kuzungushwa miezi, nikaambiwa nina mwaka mmoja wa kuongeza tundu la pili, nitaongeza. Wakija na faini siku ya kwanza wenzangu watageuza vyumba vya mbele kuwa fremu za biashara na hapo mpangaji ndo anaumia.

Mpimaji_Mstaafu

Mzee kagusa penyewe. Vyumba ni vichache kwa watu waliopo, sensa ya 2022 imehesabu Dar watu zaidi ya milioni 5.3, na ukiwa wengi mnagombea chumba kimoja, sheria ndogo hata iwe nzuri vipi mtu ataikubali choo mbovu ili apate pa kulala.

Mkumbuke mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 hapo Dar, serikali ilikopesha hela ya kupima, viwanja vikauzwa, mkopo ukarudi. Njia ya kupata fedha ilikuwa nzuri sana na halmashauri yoyote inaweza kuirudia, upime, uuze, upime tena. Tatizo viwanja vilikuwa vikubwa vikaenda kwa wenye uwezo, na sehemu nyingi zilikaa pori miaka kwa sababu maji na barabara havikufika. Safari hii dada dai viwanja vidogo, maji yafike kabla ya kuuza, na vingine vitengwe kwa mtu atakayejenga vyumba vya kupangisha vyenye choo ndani.

Na kujenga juu. Magomeni Kota, hapohapo Dar, palikuwa na kaya 644 za nyumba za chini, maghorofa yaliyofunguliwa 2022 yana nyumba 656 na eneo likabaki. Waliovunjiwa walisubiri kama miaka kumi, hilo lisirudiwe, watu wajue watakaa wapi kabla tingatinga halijafika.

Neema_Mwz

Huku Mwanza tulipanga mlimani, maji tunapandisha kwa kichwa. Sisi wapangaji tulikubaliana tukanunua mita ndogo za kila chumba, kila mtu anasoma yake tunagawana kwa hesabu. Ugomvi wa umeme umeisha kabisa. Mwenye nyumba alichangia nusu baada ya kuona amani.

MamaKulwa

Mzee Tofali shikamoo na asante, sikuwahi kufikiria habari ya gari la majitaka kutopita. Nimeandika manne kwenye daftari: fomu ya mkataba ofisi ya mtaa, tundu la pili la choo ndani ya mwaka kwa ramani ya bure, kichochoro kifunguliwe na viwanja vidogo vyenye maji. Ya kodi ya jengo nitaiweka kwenye hiyo fomu, anayenunua umeme apunguziwe hela hiyo kwenye kodi ya chumba. Kesho asubuhi napita nyumba kwa nyumba kuhesabu kaya na matundu ya choo mtaa mzima, nataka diwani nimsomee namba. Neema hizo mita ndogo mlinunua bei gani?

Neema_Mwz

Ngoja nimuulize fundi aliyetufungia, nakuletea kabla ya Jumamosi.