Mrejesho: GNS3 kwenye Ubuntu imekubali, ruta zinawaka

Asalaam aleikum wakuu. Mtakumbuka nlilalamika GNS3, hii programu ya kuigiza mitandao ya ruta kwenye kompyuta, kila nikiwasha ruta inagoma, eti uBridge (kijiprogramu chake kinounganisha ruta na mtandao) haina ruhusa ya kugusa kadi za mtandao, na feni inavuma kama boti inoingia Mkoani. Kaka alonambia niangalie magrupu ya watumiaji wa Linux, Mungu akupe kheri.

Nlipiga amri ya groups, kweli jina langu halimo kwenye grupu la ubridge wala la kvm (la mashine pepe). Nkapiga sudo dpkg-reconfigure ubridge, likaja lile swali kama watumiaji wasio root (msimamizi mkuu) waruhusiwe kutumia uBridge, nkakubali, halafu sudo usermod -aG ubridge,kvm,libvirt,wireshark $USER, nkalogauti nkarudi, kwisha kazi. Hiyo -a msiiache jamani, bila yake -G inakutoa kwenye magrupu mengine yote hata la sudo, hapo ndo utajua hujui.

Feni nayo shida ilikuwa Idle-PC, ile namba inojulisha ruta haina kazi ili CPU ipumzike. Hizi ruta za Dynamips (programu inoigiza ruta za Cisco) zinakula CPU hata zikiwa hazina kazi, kwa hiyo iache ruta iwake mpaka itulie, bonyeza kulia, chagua Idle-PC, chukua namba yenye nyota. CPU kwenye htop ilikuwa imeganda 100% ikaporomoka pale pale, na hapa Chake na joto hili laptopu saa hizi naiweka mapajani. Imeji za IOS (mfumo wa ruta za Cisco) msinifate inboksi, zina leseni zile.

Nodi ya NAT, inotoa ruta kwenye intaneti, nayo inapita virbr0, daraja la mtandao pepe la libvirt, pingi ya 8.8.8.8 inajibu. Ilobaki ni nodi ya Cloud, inounganisha ruta na mtandao halisi, kupitia Wi-Fi, inanigomea, anojua aseme.