Simulizi fupi za kisayansi kwa sauti moja: wahusika watatofautishwaje?

Msimulizi wa Njiro (Arusha):
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninarekodi simulizi za kubuni za kisayansi, za dakika tatu tatu, na zote ninazisoma peke yangu. Katika hii ya sasa, binti aliyeko sayari ya Mirihi anazungumza na mama yake aliyebaki Tengeru, huku kompyuta ya chombo chake cha anga ikiwakatiza. Ninapobana koo kwa ajili ya binti na kulikwaruza kwa ajili ya kompyuta, wasikilizaji hucheka mahali pa kuhuzunika. Nifanyeje?

Bibi Hadithi (Moshi):
Ndugu, acha kuigiza koo. Mtaje msemaji kabla ya maneno yake, "Mama akajibu," kwa sababu msomaji wa kitabu huziona alama za kunukuu, ilhali msikilizaji hazioni. Tofauti iweke katika mwendo: binti aharakishe kidogo, mama atulie kabla ya kujibu, na kompyuta itamke tarakimu moja moja bila kupanda wala kushuka.

Fundi Redio (Moshi):
Mimi nina shaka na mazungumzo yenyewe. Mawimbi ya redio husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado kutoka Mirihi hadi hapa huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi, kwa kuwa umbali baina ya sayari hizi hubadilika. Hata zikikaribiana kabisa, swali na jibu lake vitakula dakika 6, yaani mara mbili ya simulizi yako. Kizuizi hicho ndicho dawa yako: binti atume ujumbe wa sauti, na mama tumfahamu kwa yale anayoambiwa, "Najua utauliza kama nimekula." Kompyuta nayo isemewe na binti: "Inadai hewa iliyobaki ni ya saa sita." (Saa sita za muda, si za mchana, liweke hilo wazi.)

Bibi Hadithi (Moshi):
Hesabu hiyo siipingi, Fundi, ila mama asinyimwe neno, maana uchungu wote wa kisa uko kwake. Binti apewe dakika mbili, kisha msimulizi anyamaze kidogo na kutaja mahali na wakati, "Tengeru, saa mbili usiku," ndipo mama naye atume ujumbe wake, bila kujua kama utafika kabla hewa haijaisha.