MJADALA: Jeff Luhnow wa Astros alitolewa kafara au alistahili?

Mwanakwerekwe_2
Wakuu, salaam. Najua humu wanaofuatilia besiboli ya Marekani tunahesabika, lakini tupo. Leo nataka tumjadili Jeff Luhnow, aliyekuwa meneja mkuu wa Houston Astros.

Kwa wasiomjua: mzaliwa wa Mexico City, msomi wa uchumi na uhandisi, alikuwa mshauri wa biashara McKinsey kabla St. Louis Cardinals hawajamchukua 2003. Maskauti wazee, yaani wasaka vipaji, wakamcheka, wakamwita mhasibu. Desemba 2011 akakabidhiwa Houston, timu iliyotoka kupoteza mechi 106 msimu huo. Akaivunja, akaijenga upya, na 2017 ikabeba World Series, kombe la ubingwa, mbele ya Dodgers ya Los Angeles. Januari 2020 kamishna wa ligi, Rob Manfred, akamfungia mwaka mmoja kwa kashfa ya kuiba ishara ambazo mdakaji humpa mrushaji. Siku hiyohiyo mwenye timu, Jim Crane, akamfukuza yeye na kocha A.J. Hinch.

Sasa swali. Hinch alipomaliza adhabu tu, Detroit wakamchukua. Alex Cora, msaidizi wa Hinch 2017, ambaye ripoti ya uchunguzi ya ligi ilimtaja kama mmoja wa waliousuka mpango wenyewe, Boston walimrudisha kazini. Wachezaji hakuguswa hata mmoja. Luhnow tu ndiye hajarudi besiboli. Mimi nasema jamaa alitolewa kafara. Pipa la taka la kumtonya mpigaji lilikuwa linagongwa karibu na benchi, yeye ofisi yake ghorofani. Kila mtu pale alisikia. Hata mashabiki wa Houston walisikia, wakanyamaza kwa sababu walitaka kombe la kufutia machozi ya mafuriko ya 2017.

Karibuni.

Fundi_Saa
Mkuu, umeruka jambo kubwa. Septemba 2017, baada ya Boston kukamatwa na kesi ya kuiba ishara kwa saa za mkononi za kielektroniki, Manfred aliziandikia timu zote waraka: mambo haya yakiendelea, watakaobeba lawama ni meneja mkuu na kocha. Ripoti inasema Luhnow hakuusambaza kwa watu wake wala hakufuatilia. Pia kulikuwa na programu iliyopewa jina Codebreaker, ya kutafsiri ishara za mdakaji, na alionyeshwa 2016. Kwa hiyo hiyo habari ya ghorofani haisimami.

Bi_Tende
Kaka yangu, hapo kwenye mafuriko ungepaacha.

Mimi naishi Houston. Tufani Harvey ilipoingia Agosti 2017 tulitolewa ndani kwa mashua, mama mkwe kabebwa mgongoni. Halafu leo mtu amekaa na kahawa yake ananiambia nilinyamazia wizi kwa sababu nilitaka kufutwa machozi! Uwanja una watu elfu arobaini wanapiga kelele, mimi niko juu kabisa kwenye viti vya bei nafuu, hilo pipa nilisikie kwa sikio gani? Na kwa taarifa yako, aliyekaa akasikiliza video za mechi za nyumbani za 2017 na kuhesabu mara pipa lilipogongwa, zaidi ya 1,100, ni shabiki wa Astros. Hakuwa shabiki wa Dodgers wala wa Yankees. Huko ndiko kunyamaza?

Mwanakwerekwe_2
Dada Tende, pole kwa yaliyowakuta, sikukusudia wewe binafsi. Lakini shabiki mmoja hawakilishi jiji zima. Walipokuwa wanashangilia mitaani Novemba ile sikuona mtu ameshika bango la kulaani.

Bi_Tende
Angeshika bango la kulaani nini, wakati habari yenyewe ilitoka Novemba 2019 pale Mike Fiers, mchezaji wa zamani wa Astros, alipozungumza? Unataka watu wa 2017 wawe watabiri? Soma kwanza.

Jogoo_la_Kiambu
Nyinyi mnapigania pipa. Mimi shida yangu na huyu Luhnow ilianza zamani, hata kabla ya hilo pipa kununuliwa. Huyu ndiye alifanya kupoteza kuwe mpango wa kazi. 2012 mechi 107, 2013 mechi 111. Alex Rodriguez wa Yankees peke yake alikuwa analipwa kuliko kikosi chote cha Astros kilichoanza 2013! Kuna mechi zao zilipimwa watazamaji wa TV Houston zikapata sifuri. Sifuri, bana. Yote hayo ili achague kijana wa kwanza kila mwaka kwenye drafti, ule mgao wa vijana ambapo aliyeshika mkia alichagua kwanza. Hiyo kwangu ni wizi mkubwa kuliko ishara, maana shabiki amelipa tiketi kuona watu ambao ofisi imeshakubali wapoteze.

Fundi_Saa
Jogoo, hilo kanuni ziliruhusu. Ishara kwa kamera hazikuruhusiwa. Tusichanganye. Kamera ya katikati ya uwanja inamwangalia mdakaji, picha inakuja kwenye skrini nyuma ya benchi, mtu anasoma ishara. Mpira wa kupinda unakuja, pipa linagongwa. Ukiwa mpira wa kasi, kimya. Mpigaji anasimama pale kama mtahiniwa aliyeletewa majibu. Hapo ndipo kosa lilipo, na swali ni meneja mkuu alijua kiasi gani. Mbona hakuna anayejibu habari ya waraka?

Chuma_cha_Reli
Mimi nashangaa mnamwonea huruma. Carlos Correa alifungwa jela miaka minne kwa mambo haya haya ya Astros na bado mnasema wachezaji hawakuguswa???

Jogoo_la_Kiambu
😂😂😂 Wueh.

Fundi_Saa
Chuma, huyo ni Chris Correa. Alikuwa mkuu wa skauti wa St. Louis Cardinals. Aliingia kinyemela kwenye mfumo wa data wa Astros ulioitwa Ground Control, akahukumiwa miezi 46 mwaka 2016. Cardinals wakapigwa faini ya dola milioni 2 na kunyang'anywa nafasi zao mbili za juu za drafti, zikaenda Houston. Carlos Correa ni mchezaji, ndiye Luhnow alimchagua namba moja 2012. Hawana undugu.

Chuma_cha_Reli
Correa ni Correa. Hoja yangu ni kwamba wote wezi.

Bi_Tende
Huyu naye katokea wapi?

Mwanakwerekwe_2
Ila Chuma kanisaidia bila kujua. Luhnow huyo huyo ndiye aliyeibiwa data na timu yake ya zamani. Wakati huo Marekani nzima ilimwona mwathirika. Miaka minne baadaye akawa jambazi. Hamwoni kwamba mfumo wenyewe ndio ulikuwa unaiba pande zote, na wakachagua uso mmoja wa kuuchapa?

Mzee_Kifimbo
Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamkuzitoa. Nimeangalia besiboli tangu nilipokuja Minnesota kusoma, na ishara zimeibwa tangu enzi hizo. Mchezaji aliyefika kituo cha pili akimchungulia mdakaji na kumtonya mwenzake, hilo halikatazwi na linasifiwa kuwa ni ujanja. Mstari ni kifaa cha umeme. Sasa Jogoo, wewe unasema kupoteza makusudi ni kubaya zaidi, lakini nani alipoteza makusudi? Wachezaji walikuwa wanacheza kwa nguvu zao zote, ila walikuwa vijana wabovu. Tofauti ipo.

Jogoo_la_Kiambu
Shikamoo mzee. Lakini kwa heshima zote, hiyo ni hesabu ya wakili. Ukinunua punda ukampeleka mbio za farasi, hujamwambia ashindwe, ila unajua. Na huku kwetu kwenye soka hiyo akili isingefanya kazi, kwa sababu ukishika mkia unashuka daraja. Marekani hakuna kushuka. Unashika mkia unapewa zawadi. Ndiyo maana alipohamia soka aliona moto.

Mwanakwerekwe_2
Moto gani? Kampuni yake, Blue Crow, ilichukua Leganés ya Hispania 2022, na 2024 ikapanda La Liga ikiwa bingwa wa daraja la pili. Miaka miwili tu.

Jogoo_la_Kiambu
Na 2025 ikashuka. Mwaka mmoja tu 😄

Mwanakwerekwe_2
Ilishuka siku ya mwisho ya msimu, tena siku hiyo ilishinda. Acha ushabiki.

Jogoo_la_Kiambu
Ushabiki wa Leganés? Mimi? Mimi Gor Mahia damu, Leganés nimeisikia juu ya huyu mtu wako.

Kagera_Kampala
Nimesoma mpaka hapa kwa uvumilivu. Ndugu zangu, kweli Waafrika tunatokwa povu kwa mchezo ambao ni rede ya wanaume? Hata mmoja wetu hajawahi kuucheza.

Mzee_Kifimbo
Kijana, jina lako lina Kampala halafu unaandika hivyo? Watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Mwaka mmoja kabla, Waganda wengine walikuwa wamefuzu wakanyimwa viza. Na hao Dodgers walionyang'anywa 2017 ndio waliowasajili Waganda wawili mwaka 2022. Umekaa Kampala kufanya nini?

Kagera_Kampala
Mzee nauza vipuri, sikai uwanjani.

Chuma_cha_Reli
Umepigwa nje ya uwanja hapo 😂

Kagera_Kampala
Wewe na Correa wako nyamaza.

Fundi_Saa
Waraka. Septemba 2017. Kuna mtu?

Bi_Tende
Fundi, mimi nitakujibu japo si kwa waraka. Mimi Luhnow nilimtoa moyoni Julai 2018, alipomleta mrushaji Roberto Osuna kutoka Toronto akiwa bado anatumikia adhabu ya mechi 75 ya ligi kwa mambo ya ukatili wa nyumbani. Alisema klabu imejiridhisha, wachezaji watampokea, na kadhalika. Wanawake tuliokuwa tunanunua jezi tulijisikiaje, hakutuuliza mtu. Halafu Oktoba 2019 msaidizi wake akawapigia kelele waandishi wa kike kwenye chumba cha kubadilishia nguo, eti anafurahi walimpata Osuna. Klabu ikatoa taarifa kwamba habari imetungwa! Siku chache baadaye ikamfukuza huyo huyo msaidizi. Ile ndiyo ofisi aliyoijenga. Mtu anayeona bei ya kila kitu na haoni aibu ya chochote, hata asingejua habari ya pipa, pipa lingegongwa tu.

Mwanakwerekwe_2
Sasa hapo dada unamhukumu kwa kosa lingine. Kesi ilikuwa ishara, wewe unaleta Osuna. Ndiyo maana nasema alitolewa kafara: kila mtu alikuwa na kisasi chake. Maskauti wanane aliowaachisha kazi 2017, yule kijana Aiken aliyemchagua namba moja 2014 kisha akampunguzia ofa kwa sababu ya kiwiko, timu alizozishinda. Wote walipanga foleni.

Fundi_Saa
Na kiwiko cha Aiken kilifanyiwa upasuaji mwaka uliofuata. Kwa hiyo pale alikuwa sahihi. Naona hata ninayempinga namtetea.

Bi_Tende
Usahihi wake haukumzuia kumfanya mtoto wa miaka 17 asubiri simu hadi dakika ya mwisho. Na kwa kuwa hawakusaini, nafasi ile ikamrudia kama namba mbili ya drafti ya 2015, akampata mchezaji Alex Bregman. Kila alipomuumiza mtu alilipwa.

Jogoo_la_Kiambu
Mama Tende amemaliza. Si nilisema? Ukipoteza unalipwa, ukikosana na mtu unalipwa. Faini ilikuwa dola milioni 5, na hiyo ndiyo ilikuwa kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa! Crane alirudisha hela hiyo kwa kuuza popcorn.

Mzee_Kifimbo
Walinyang'anywa pia nafasi za drafti za raundi ya kwanza na ya pili, 2020 na 2021. Usisahau.

Jogoo_la_Kiambu
Na 2022 wakabeba kombe lingine, mzee. Adhabu gani hiyo?

Mwanakwerekwe_2
Walibeba wakiwa na meneja mkuu mwingine, James Click, na muda mfupi baada ya kombe naye akaondoka. Mnaona? Shida ni Crane, na hakuna hata mmoja humu aliyemgusa. Luhnow alipomshtaki Novemba 2020 kudai zaidi ya dola milioni 22, miezi mitatu tu wakamalizana kimyakimya. Asiye na kosa anamalizana na mtu wa nini?

Fundi_Saa
Hata mwenye madai alimalizana, mkuu. Kwa mantiki yako naye ana kosa.

Mwanakwerekwe_2
Fundi, wewe tangu mwanzo umenikalia kooni. Uliwahi kuona mechi hata moja uwanjani, au ni ripoti tu?

Fundi_Saa
Ripoti tu. Kurasa tisa. Wewe umesoma ngapi?

Bi_Tende
Mwanakwerekwe, kabla hujamjibu, ile sentensi ya mafuriko bado ipo kule juu. Ifute.