Nimelipia tafsiri ya wosia, nikaletewa "mashahidi wasiojali"

Ndugu zangu, nimechoshwa na watafsiri wanaopokea pesa za watu bila kufungua kamusi. Mjomba wangu aliandikiwa wosia na wakili wake kwa Kiingereza, lugha asiyoisoma, nami nikazipeleka karatasi zile katika ofisi moja ya tafsiri ili ajue anachotia saini. Palipotakiwa mashahidi wawili walio "disinterested", wao waliandika "mashahidi wawili wasiojali". Nilipofika hapo katika kumsomea, mzee alivua miwani. "Mjomba," aliniambia, "yaani nikatafute watu wasionijali ndio wanishuhudie mali yangu?"

Neno hilo halihusu kujali hata kidogo. "Disinterested" ni mtu asiye na maslahi katika jambo, hapati wala hapotezi kitu, na anaweza kuwa makini kuliko wote waliopo. Anayepiga miayo wosia ukisomwa ndiye "uninterested". Katika wosia tofauti hii si ya mapambo, kwa sababu Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 13, inabatilisha alichoachiwa shahidi katika wosia anaoushuhudia yeye mwenyewe, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili huru zaidi yake. Mzee angefuata tafsiri ile, angeweza kumweka mwanawe asiyemjali, na mtoto akakosa shamba.

Nilipowarudia, walinijibu kwamba maneno hayo ni mamoja na kwamba Waingereza wenyewe huyachanganya. Huyachanganya kweli, na katika karne ya 17 "uninterested" lilitumika kwa mtu asiyependelea upande wowote, lakini wakili wa mjomba hakuandika hati yake karne ya 17.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Kiswahili hapa hakikwami popote. Neno moja la Kiingereza, "interest", limebebeshwa riba ya benki, maslahi ya mtu na hamu ya kujua jambo, ilhali sisi kila moja ina jina lake, tena majina ya kila siku ambayo hata muuza nyanya anayajua. Aliyelipwa kutafsiri ndiye hakuyaona.

Sasa wanadai nilipe upya kwa kile wanachokiita marekebisho, na bila muhuri wao wakili haipokei tafsiri. Wosia uko kabatini, haujasainiwa.