NFL na mechi iliyofutwa ya Bills na Bengals: kanuni ilikuwepo, shilingi ya nini?

Wakuu,

Naanza na lisilo na ubishi. Tarehe 2 Januari 2023, kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, Bills walikuwa wageni wa Bengals pale Cincinnati, na moyo wa mchezaji wa Bills, Damar Hamlin, ulisimama uwanjani. Zilikuwa zimechezwa dakika 9 na sekunde 2 tu, Bengals wanaongoza 7-3. Mechi ilipaswa kusimama, na atakayekuja hapa kubishia hilo simjibu. Hasira yangu ni kwa kilichopikwa mezani siku nne zilizofuata.

Alhamisi tarehe 5 ligi ikaifuta mechi. Ijumaa tarehe 6 wamiliki wa timu wakapiga kura kupitisha utaratibu mpya wa mtoano. Jumamosi tarehe 7 raundi ya mwisho kabla ya mtoano ikaanza. Yaani masharti yamebadilishwa timu zikiwa tayari zinajiandaa kuingia uwanjani!

Na kanuni ilishaandikwa: mechi ikifutwa, timu zikabaki na idadi tofauti ya mechi, msimamo unapangwa kwa uwiano wa ushindi. Chiefs walimaliza na ushindi 14 kati ya mechi 17, sawa na 0.824. Bills 13 kati ya 16, 0.813. Bengals 12 kati ya 16, 0.750. Ligi ikabandika viraka juu yake. Kwanza, Bills na Chiefs wakikutana fainali ya AFC (moja ya kanda mbili za ligi, nyingine ni NFC), wacheze uwanja huru (baadaye ikatajwa Atlanta). Pili, Ravens wakiwafunga Bengals raundi ya mwisho, kisha wakapangwa pamoja mwanzo wa mtoano, mwenyeji apatikane kwa kurusha shilingi. Bengals tayari ni mabingwa wa kundi lao kwa uwiano uleule wa ligi, halafu unawaambia haki yao ya uwanja wa nyumbani iamuliwe na sarafu. Walijiokoa wenyewe kwa kuwafunga Ravens 27-16.

Sasa shikeni karatasi na kalamu, maana hapa ndipo penye uozo. Chukua msimamo wa mwisho, uupange upya kwa kila matokeo ambayo ile mechi ingeweza kuleta. Bills wangeshinda: wanafika 14-3 (ushindi 14, vipigo 3) sawa na Chiefs, na wao wanapanda namba moja ya AFC (aliye juu ndiye mwenyeji kwenye mtoano) kwa sababu waliwafunga Chiefs 24-20 mwezi Oktoba. Bengals wangeshinda: wao na Bills wote 13-4, Bengals wanapanda namba mbili kwa matokeo ya wao kwa wao. Sare: hakuna anayehama. Kwa hiyo jozi zilizoathirika ni mbili tu, Chiefs na Bills, na Bills na Bengals. Ligi ikailinda ya kwanza. Ya pili, wenye mechi yenyewe, haikuwekewa kitu! Bengals wakafunga safari hadi Orchard Park, nyumbani kwa Bills, kwenye theluji kama wageni wa kawaida.

Najua mtasema walishinda kule 27-10. Sawa, walishinda. Hiyo ni kazi ya wachezaji, haiisafishi kanuni mbovu.

Halafu kuna wiki ya mapumziko. Namba moja peke yake ndiye anayeruka raundi ya kwanza, na hilo kwa timu yenye majeruhi ni kubwa kuliko uwanja. Uwanja unaweza kuuhamisha, mapumziko huwezi kuyagawa nusu kwa nusu. Chiefs waliyachukua yote, Bills hawakufidiwa chochote.

Ndiyo maana kiporo kilipaswa kuchezwa. Ligi ilisema kukicheza kungesogeza mtoano wiki moja na kuzigusa timu zote 14. Mbona nafasi ilikuwepo? Fainali za AFC na NFC zilikuwa 29 Januari, Super Bowl, yaani fainali kuu, 12 Februari. Wiki nzima katikati imeachwa kwa ajili ya Pro Bowl, tamasha la nyota wa ligi. Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya 11 Septemba, ligi hiyohiyo ilihamishia mechi za wiki nzima hadi 6 na 7 Januari 2002, ikaisogeza Super Bowl hadi 3 Februari. Uwezo walikuwa nao. Na kama wachezaji wa Bills wangesema hawako tayari kurudi, hapo uwiano ungetumika, na wangekuwa wameulizwa.

Kinachotakiwa kuandikwa kabla ya msimu ni kifupi. Wiki ya akiba iwe kwenye ratiba, na kiporo kinachogusa nafasi za mtoano kichezwe humo. Kikishindikana, uwiano upange namba. Kisha lifanyike lile jaribio la matokeo matatu, baada ya raundi ya mwisho na si kabla. Kila jozi inayobadilishana nafasi, ikikutana, icheze uwanja huru. Jozi isiyobadilishana isiguswe, iwe Ravens au yeyote. Shilingi ibaki kwa mwamuzi, ya kuamua nani aanze na mpira.