Mrejesho: vidukari kwenye sukuma wiki, Buhongwa, Mwanza

Wakuu, niliuliza namna ya kuondoa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, kwenye sukuma wiki bila dawa ya dukani, maana hapa nyumbani tunachuma na kupika siku hiyohiyo. Asanteni sana, bustani imepona.

Mwarobaini umefanya kazi: majani yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku kucha, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo. Napulizia jioni, chini ya majani wanakojificha, kwa kuwa jua huidhoofisha dawa hiyo. Mvua ikinyesha, narudia.

Ila ushauri wa dada aliyetaja sisimizi ndio uliookoa tuta. Sisimizi hunywa utamu unaotolewa na vidukari, kwa hiyo huwalinda dhidi ya wadudu wanaowala. Nilimwaga majivu kuzunguka shina, sisimizi wakapungua, na sasa wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wamejaa. Tafadhali msiwaue! Hata watoto wao, wale weusi wenye miguu mirefu, hula vidukari.

Vitunguu nilivyochanganya vimestawi, lakini sioni kama vimefukuza chochote. Bangimwitu (mmea wenye harufu kali, si bangi ya kuvuta) nimeipanda kwenye nyanya ili kupunguza minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaovimbisha mizizi. Nitaikagua mizizi ya nyanya nikizing'oa.

Mwenye mbegu za giligilani aniambie, maua yake huvuta wadudu rafiki.